Kichaa hapewi ukanali: jibu kuhusu Harry Murray na nishani zake

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari moja mkoani Singida:

"Shikamoo mzee. Wanafunzi wangu wamekutana na jina la Harry Murray, Mwaustralia anayetajwa kuwa askari wa miguu aliyetunukiwa nishani nyingi kuliko wote katika majeshi ya himaya ya Uingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Aliingia jeshini hana hata tepe moja, na miaka mitatu na nusu baadaye ni luteni kanali. Tena wenzake walimwita Mad Harry, yaani Harry Kichaa. Kijana mmoja akaniuliza: mwalimu, kichaa anapewaje ukanali? Nikakosa la kusema. Tena naomba utufafanulie hizo VC, DSO na DCM, maana kila mwandishi anazitaja kana kwamba msomaji amezaliwa anazijua."

Marahaba, mwalimu. Mpe huyo kijana pongezi zangu, amegusa mahali ambapo waandishi wengi hupita mbio. Kichaa vitani hufa mapema, na kwa kawaida hafi peke yake. Murray alishuka Gallipoli, kwenye pwani ya Uturuki, siku ya kwanza kabisa, tarehe 25 Aprili 1915, na bunduki ziliponyamaza Novemba 1918 bado alikuwa kazini. Katikati hapo alijeruhiwa zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka 1966 akiwa na miaka 85. Mtu wa namna hiyo ana bahati, silikatai hilo, ila bahati ya miaka minne inahitaji kusaidiwa.

Nitakujibu kwa kuzifuata nishani zenyewe, kwa sababu zinasema jambo ambalo jina la utani linalificha. Zile kubwa alipewa kwa kazi ya kushikilia mahali palipokwisha kutekwa. Kuliteka handaki la adui, mizinga yako ikikutangulia vizuri, huenda ikachukua dakika kumi. Kulishikilia mpaka kesho yake ndiyo vita yenyewe: adui analijua handaki hilo kuliko wewe, mizinga yake ilishapimiwa hapo zamani, vichochoro vya kuingilia anavipita hata gizani, na watu wako wamechoka na mabomu ya mkono yanakaribia kwisha. Huko ndiko Murray alikokuwa fundi.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1880 karibu na Evandale, kisiwani Tasmania, kwenye familia ya wakulima. Shule aliiacha akiwa na miaka 14 akashike kazi za shamba. Kwa miaka kadhaa alikuwa askari wa akiba wa mizinga mjini Launceston, halafu akahamia Australia Magharibi, upande wa machimbo ya dhahabu, akawa anasafirisha barua na dhahabu nyikani. Vita ilipoanza alikuwa kusini mwa jimbo hilo na watu wake wakikata miti ya reli. Oktoba 1914 akajiandikisha, na penye kazi akajieleza kuwa mtu wa porini. Alikuwa na miaka 33. Kwa vijana wa miaka 19 waliopanga foleni naye huyo alikuwa mzee, na nadhani umri huo ulimsaidia zaidi kuliko ujasiri wowote. Alikwisha kuamrisha wanaume wagumu wa msituni, wasiotishwa na kelele za bosi.

Akapangiwa Batalioni ya 16, sehemu ya bunduki za rashasha, zile ambazo Kiswahili cha zamani kiliziita bombomu. Batalioni ya watu karibu elfu moja ilikuwa na bombomu mbili tu. Mpigaji wa moja kati ya hizo alikuwa Percy Black, mtafutaji wa dhahabu, mtu mzima kama Murray, na Murray akawa mwenzake kwenye bunduki hiyo hiyo. Lishike jina la Black, tutarudi kwake.

Bombomu ya wakati ule ni shule ya subira. Ni nzito, inapozwa kwa maji, na maji yakichemka mvuke unapaa na kumwonyesha adui ulipo. Mkanda wa risasi 250 unaisha kabla hujamaliza kuvuta pumzi ukiufyatua ovyo. Mpigaji mzuri hukaa kimya muda mrefu, akapima umbali, akachagua bonde ambalo adui hana budi kulipita, akasubiri. Ukiniuliza Murray aliupata wapi ukanali wake, nitakuambia hapo, kwenye kilima cha Pope's Hill huko Gallipoli, nyuma ya bunduki ya Black, wiki za mwanzo.

Wiki hizo zilikuwa kali. Waaustralia na Wanyuzilandi walikuwa wamekwama kwenye miteremko juu ya ufukwe, Waturuki wakiwa juu yao, mahali pengine hatua chache tu kati ya handaki na handaki. Tarehe 19 Mei 1915 Waturuki wapatao 42,000 walishambulia kwa pamoja ili kuwasukumia baharini. Karibu 10,000 kati yao waliuawa au kujeruhiwa, 3,000 hivi wakifa palepale, wengi kwa risasi za bunduki za kawaida na za bombomu chache zilizokuwepo. Kwa kazi yake ya mwezi huo, kuanzia tarehe 9 hadi 31 Mei, Murray alipewa DCM.

Sasa nikuelezee, maana hapa ndipo wanafunzi wanapotatizika. Waingereza walizigawa nishani kwa vyeo. DCM (Distinguished Conduct Medal), iliyoanzishwa mwaka 1854, ilikuwa ya askari wasio maofisa: praiveti, koplo, sajenti. Ofisa hakuweza kuipata hata angefanya nini. Huku kwetu vilevile ilikuwepo: askari wa King's African Rifles walikuwa na DCM yao, yenye jina la kikosi chao. DSO (Distinguished Service Order), ya mwaka 1886, wakati ule ilikuwa ya maofisa, na kwa kawaida ilikwenda kwa wenye cheo cha meja kwenda juu, kwa kuongoza vizuri mbele ya adui. Luteni au kapteni akipewa DSO, watu jeshini waliinong'ona kuwa huyu amekaribia ile kubwa na imemponyoka kidogo. Ile kubwa ni VC, Msalaba wa Victoria, ya mwaka 1856, nayo haiangalii cheo: jenerali na praiveti wote wanaipata kwa kipimo kimoja, ujasiri mbele ya adui. Imetengenezwa kwa shaba nyeusi isiyong'aa, ukiiona mara ya kwanza utadhani ni kitu cha bei rahisi.

Kwa hiyo mtu mwenye DCM na DSO pamoja amekujulisha tayari historia yake bila kufungua mdomo: alianza chini, akapanda, na kote kuwili akaonekana. Harry Murray ni huyo.

Alipandaje? Mwisho wa Mei 1915 alijeruhiwa, Julai akawa amerudi, tarehe 8 Agosti akajeruhiwa tena kwenye mashambulizi ya kuelekea Kilima 971. Agosti hiyo brigedi yake, ya Nne, chini ya John Monash, iliumia vibaya sana, na maofisa walipungua kuliko mtu alivyotarajia. Tarehe 13 Agosti Murray alipandishwa kuwa sajenti, na siku hiyohiyo akafanywa luteni usu na kuhamishiwa Batalioni ya 13. Asubuhi koplo usu, jioni ofisa. Usiwaambie wanafunzi kwamba hilo ni muujiza. Jeshi la Australia lilikuwa na desturi ya kuchukua maofisa wapya kutoka kwa askari waliokwisha kuonekana vitani, tofauti na jeshi la Waingereza wenyewe ambako, mwanzoni hasa, ofisa alitafutwa kwenye shule za watu wenye nasaba. Nafasi zilikuwa wazi kwa sababu waliozikalia wamezikwa. Machi 1916, kule Misri, akawa kapteni mwenye kombania yake.

Ufaransa ndiko jina lilikotengenezwa. Kiangazi cha 1916 Waaustralia walitupwa kwenye vita vya Somme, kijiji cha Pozières na shamba lililokuwa jirani, Mouquet Farm. Kwa muda wa wiki sita hivi walipoteza watu 23,000, waliokufa na waliojeruhiwa, kwenye eneo ambalo mkulima angelizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mouquet Farm juu ya ardhi palikuwa pamebaki kifusi tu, lakini chini yake kulikuwa na maghala ya mawe na mapango ambamo Wajerumani walijificha mizinga ikipiga, kisha wakatokea nyuma ya wale waliodhani wamepateka.

Usiku wa tarehe 29 Agosti 1916 kombania ya Murray ilipewa kazi hapo. Kulikuwa na tope la magoti. Aliingia na watu wasiofika mia moja, akapateka. Wajerumani wakarudi mara nne, mara nne akawasukuma. Alikuwa amejeruhiwa mara mbili. Katikati ya vurugu hiyo risasi ya adui ilipiga vifaa alivyovaa askari mmoja, vikaanza kulipuka mwilini mwake. Murray akamrukia na kumvua kwa mikono yake mwenyewe. Kwa usiku huo alipata DSO, akiwa kapteni tu.

Lakini angalia mwisho wake, mwalimu, maana vitabu vya sifa huupunguza. Alipoona amebaki na watu wachache na adui anataka kumzunguka, aliamuru warudi nyuma. Mouquet Farm haikubaki mikononi mwake. Kichaa angekaa. Hapo kuna ofisa aliyejua idadi ya watu wake na mabomu yake, akajua pia saa ambayo hesabu imekataa, akawatoa majeruhi wake. Na wakubwa, kwa busara ambayo hawakuwa nayo siku zote, walimtunuku kwa kazi ya kushikilia na hawakumwadhibu kwa kuondoka.

Sasa VC yenyewe. Majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 yalikuwa makali kuliko yaliyokumbukwa na wenyeji kwa miaka mingi. Tope la Somme liliganda likawa kama saruji. Mkate uligandia mfukoni. Karibu na kijiji cha Gueudecourt kulikuwa na handaki la Wajerumani lililoitwa Stormy Trench, na siku chache kabla Batalioni ya 15 ilikuwa imelishambulia, ikaingia, kisha ikafurushwa kwa mabomu ya mkono kwa sababu yake yaliisha kwanza. Kwa hiyo Batalioni ya 13 ilipoambiwa ni zamu yao, hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu tatizo. Walijitwisha mabomu kuliko ilivyokuwa kawaida, na watu wa kuyasogeza mbele wakapangwa. Ili viatu visigonge kwenye barafu wakasikika, walivifunga magunia ya mchanga.

Murray mwenyewe alikuwa na homa kali ya mafua. Alitakiwa awe kitandani. Akakataa kwenda hospitali, akaenda na kombania yake, watu wapatao 140, upande wa kulia kabisa wa mashambulizi. Upande wa kulia maana yake ni kwamba ukishaingia handakini, hilo handaki linaendelea mbele yako likiwa na Wajerumani ndani. Huna jirani. Kizuizi unachokijenga kwa mifuko ya mchanga ndio mpaka wako, na kila bomu linalotupwa linatokea hapo.

Saa nne usiku, tarehe 4 Februari 1917, mizinga ikaanza na wao wakaondoka. Handaki likatekwa haraka. Kisha usiku ukaanza. Mara tatu Wajerumani walirudi kwa nguvu. Murray aliita mizinga kwa fataki za ishara, na mizinga ikamjibu. Mwenzako ukimsimulia habari hii usikiache kipande hicho, kwa sababu miezi miwili baadaye tutaona inakuwaje mizinga isipojibu. Makombora ya adui yaliiangukia kombania mfululizo, na kuna wakati watu wake walirudi nyuma kidogo. Hapo ndipo alipokusanya waliokuwa karibu, akawaongoza mwenyewe kwa mabomu na singe mpaka pale palipopotea pakarudi. Alipita handaki zima akizungumza na watu, akibeba majeruhi kuwapeleka mahali salama, akirudi tena kizuizini. Ilipofika usiku uliofuata na wengine wakaja kuwapokea, zaidi ya nusu ya kombania walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa. Handaki lilikuwa lao.

Maelezo rasmi ya VC hiyo yalichapishwa Machi 1917. Yanataja mashambulizi matatu ya adui aliyoyazuia, yanataja jinsi alivyowakusanya watu walipoyumba, yanataja kubeba majeruhi. Hayasemi popote kwamba alimaliza jeshi la adui peke yake. Tarehe 2 Juni mwaka huo Mfalme George wa Tano alimvisha nishani hadharani kwenye bustani ya Hyde Park, London. Siku hiyo kifua chake kilipewa vitu vitatu kwa pamoja: VC, DSO, na kipande cha kuonyesha DSO ya pili.

DSO ya pili ilikuwa ya Bullecourt, kijiji cha kaskazini mwa Ufaransa, na Bullecourt ni hadithi nyingine kabisa. Wanafunzi wako wakikuuliza kwa nini Waaustralia wengi walitoka vitani hawawaamini majenerali wa Kiingereza, wapeleke hapo.

Jenerali Hubert Gough, kamanda wa Jeshi la Tano, alitaka kuvunja mstari wa Hindenburg, yaani safu ya mahandaki imara ya Wajerumani, mapema Aprili 1917. Mizinga ya kukata seng'enge haikutosha, basi akakubali wazo jipya: vifaru vitangulie, viilaze seng'enge chini, askari wafuate bila mizinga kuwatangulia. Tarehe 10 Aprili watu walilala kwenye theluji mbele ya mahandaki yao wakisubiri, vifaru vikachelewa njiani, wakaambiwa warudi mchana unakucha. Kesho yake wakaambiwa walewale, mpango uleule. Albert Jacka, Mwaustralia wa kwanza kupata VC katika vita ile, alikuwa ofisa wa upelelezi wa Batalioni ya 14, naye alikwenda kuangalia mwenyewe na kutoa tahadhari. Haikusikilizwa.

Tarehe 11 Aprili alfajiri vifaru vikachelewa tena, vichache vilivyofika vikaharibika au kupigwa. Batalioni ya 16, batalioni ya zamani ya Murray, ilitangulia. Percy Black, sasa meja, alikuwa akiiongoza. Alifika kwenye seng'enge ya mstari wa pili, akapata upenyo, akapigwa risasi ya kichwa. Nyuma yao ilikuja Batalioni ya 13, na Murray alipoona wenzake wanavyoteketea mbele aliwaamuru watu wake waongeze mwendo. Walivuka zaidi ya mita elfu moja za theluji tupu chini ya bombomu za Wajerumani. Wakaingia. Mistari yote miwili ikatekwa bila mizinga, jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye mpango wowote.

Saa moja na robo asubuhi Murray alituma ujumbe nyuma kwamba wakipata msaada wa mizinga watakaa hapo muda wowote unaotakiwa. Hii ndiyo sauti ya mtu wa Stormy Trench, aliyekwisha kuona kwamba inawezekana. Fataki za kuomba mizinga zikarushwa, tena na tena. Mizinga haikupiga. Marubani na waangalizi wengine walikuwa wameripoti kwamba Waaustralia na vifaru wameshavuka kwenda vijiji vya mbele, Riencourt na Hendecourt, na makamanda wa mizinga wakaogopa kuwapiga watu wao. Waliokuwa mbele walikuwa Wajerumani wakijipanga. Saa zikapita, mabomu ya mkono yakaisha, Wajerumani wakaingia kutoka pande zote. Karibu na saa sita mchana Murray aliwaeleza waliobaki kwamba zimebaki njia mbili, kutekwa au kurudi kupitia risasi zilezile walizojia. Yeye alirudi, miongoni mwa wa mwisho.

Brigedi ya Nne ilipeleka watu 3,000 siku hiyo na kupoteza 2,339. Divisheni nzima iliacha mateka 1,170 kwa Wajerumani, idadi kubwa kuliko mapambano mengine yoyote ya Waaustralia katika vita vile. Black hakupatikana kamwe. Jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Villers-Bretonneux, Ufaransa, pamoja na wasio na makaburi. Charles Bean, mwanahistoria rasmi wa jeshi la Australia, alimhesabu miongoni mwa wapiganaji wakubwa kabisa wa jeshi hilo. Alikuwa na DCM na DSO. VC hakuipata. Nishani huhitaji shahidi aliye hai, ofisa aliye hai wa kuandika, na mara nyingi ushindi au nusu yake. Waliokuwa na Black kwenye ile seng'enge wengi walikufa au walikuwa kambini mwa Wajerumani. Ndiyo maana mimi hupenda kuongezea mkia kila mtu anaposema Murray ndiye aliyetunukiwa zaidi: ndiye aliyetunukiwa zaidi kati ya walioonekana.

Hata kwa waliokuwa hai hesabu inategemea unahesabu nini. Murray alimaliza na VC, DSO mbili, DCM, Croix de Guerre ya Wafaransa, na mwaka 1919 CMG, ambayo ni heshima ya utumishi wa ngazi za juu, juu ya kutajwa mara nne kwenye taarifa za makamanda. Kwa askari wa miguu ni vigumu kumpita. Lakini ukitafuta aliyetunukiwa zaidi bila kuwa ofisa utampata Mwingereza William Coltman, mbeba machela, mwenye VC, DCM mbili na medali nyingine mbili za kijeshi, ambaye aliifanya kazi yote hiyo bila kufyatua risasi. Wanafunzi hulipenda jambo hilo, jaribu.

Baada ya Bullecourt njia ya Murray ilikuwa fupi. Mwaka huohuo wa 1917 akawa meja. Machi 1918, siku chache kabla Wajerumani hawajaanzisha mashambulizi yao makubwa ya mwisho, akapewa cheo cha luteni kanali na batalioni mpya: Batalioni ya Nne ya Bombomu. Kwa kijana wako jibu la moja kwa moja liko hapa. Aliyeanza na Black nyuma ya bunduki moja, sasa alikuwa na bunduki 64, nazo hazikuhitaji kamanda wa kuruka kwenye handaki la adui na bastola. Zilihitaji mtu wa kukaa na ramani, kupima miteremko, kujua bonde gani adui atalipita na risasi ngapi zitahitajika huko kabla hajafika. Makamanda waliompa kazi hiyo walikuwa wakimjua kwa jina lake la utani kama askari wao walivyomjua, wakampa.

Na woga? Naongeza hili kwa sababu kijana hakuliuliza lakini ataliuliza. Murray hakujisifu kuwa hana woga. Miaka ya baadaye, akiandika kwa ajili ya maveterani wenzake, alijieleza kuwa mtu wa mishipa ya wasiwasi, aliyepigana mapambano mengi ndani yake kati ya wajibu na hofu, na akasema kilichomsaidia ni nidhamu: mazoezi yaliyorudiwa mpaka mwili ukajua la kufanya wakati moyo unataka kukimbia. Kwa Waaustralia maneno hayo yalikuwa ya kuwasha kidogo. Wao walipenda kujisimulia kuwa watu wasiopiga saluti wala kusikia la mkubwa, na hapa shujaa wao nambari moja anatetea gwaride.

Maisha ya baadaye niyapitie haraka. Alirudi mwisho wa 1919, akakwepa hafla za kumpokea alivyoweza, akaenda kufuga kondoo Queensland. Ndoa ya kwanza haikudumu. Ya pili, ya mwaka 1927, alifungia Auckland, kisha akarudi Queensland kwenye shamba la Glenlyon karibu na Richmond, mahali ambapo jirani yupo mbali kiasi cha kutosha kutouliza habari za vita. Vita vya pili vilipokuja aliitwa tena, akaongoza Batalioni ya 26 kaskazini mwa Queensland hadi mwaka 1942, akiwa na umri wa kucheza na wajukuu. Januari 1966 alikuwa safarini na mkewe, tairi la gari likapasuka, gari likapinduka. Alifia hospitalini mjini Miles.

Ukitaka kazi ya darasani, mwalimu, waandikie ubaoni maelezo ya DSO ya Mouquet Farm na ya VC ya Stormy Trench kama nilivyokueleza, bila majina ya nishani. Waambie wahesabu ni mara ngapi adui anarudi kupanyang'anya mahali palipokwisha kutekwa. Watapata nne, halafu tatu. Kisha wape ile saa moja na robo ya Bullecourt, na ujumbe wa kuomba mizinga, wakueleze wao wenyewe kulipungua nini.